Ramani inasema 255 juu yetu na 380 Ulaya: je, tropiki ina tundu la ozoni?

Swali: "Nafundisha jiografia na fizikia sekondari hapa Mwanza. Nikiandaa somo la angahewa nilifungua ramani ya setilaiti inayoonyesha ozoni ya mwezi Machi. Juu ya Afrika Mashariki ilikuwa kama 255, juu ya Ulaya ya kaskazini ilipita 380. Nimesoma kwamba chini ya 220 ni tundu, kwa hiyo nikaona sisi hatuko mbali nalo. Halafu nikakumbuka habari za mwaka 2022 kwamba tropiki yote ina tundu la ozoni kubwa mara saba kuliko la Antaktika. Wengine wanasema tabaka linapona. Tumwamini nani? Jua la huku ni kali mno na wanafunzi wanasema joto hili ni kwa sababu ozoni imetoboka. Nina watoto wawili wenye ualbino darasani, ndiyo maana sitaki kufundisha jambo la kubahatisha. Na je, wanafunzi wanaweza kufuatilia mabadiliko haya wenyewe?"

Jibu: Mwalimu, namba ulizoziona ni sahihi. Kilichokupotosha ni ile 220, ambayo iliwekwa kwa ajili ya Antaktika na haina maana ileile huku kwetu. Juu ya Mwanza ozoni ni nyembamba kwa maumbile ya angahewa yenyewe. Ilikuwa hivyo kabla ya gesi za friji kugunduliwa, na kwa ujumla wake haijabadilika kwa kiasi unachoweza kukitambua kwenye ramani ya rangi. Hakuna tundu la ozoni juu ya tropiki. Yapo mambo ya kweli ambayo wanasayansi bado wanabishania kuhusu ozoni ya kilomita 15 hadi 24 kwenda juu, na wanafunzi wako wana haki ya kuyajua yalivyo, bila kutiwa chumvi. Ama watoto wenye ualbino, wanahitaji kinga leo hii, na hitaji hilo halisubiri mjadala wa ozoni uishe.

Tuanze na yuniti. Ukiichukua ozoni yote iliyotawanyika juu ya kichwa chako, kutoka ardhini hadi mwisho wa angahewa, ukaikusanya peke yake kwenye nyuzijoto 0 na shinikizo la usawa wa bahari, unapata tabaka la milimita chache tu. Yuniti 100 za Dobson ni milimita moja. Kwa hiyo 255 yako ni milimita 2.55, na 380 ya Ulaya ni milimita 3.8. Jina linatokana na Gordon Dobson wa Oxford, aliyetengeneza kipima-ozoni miaka ya 1920. Kifaa chake hulinganisha mawimbi mawili ya urujuanimno (UV) yanayotoka kwenye jua, moja ambalo ozoni hulinyonya sana na jingine ambalo hulinyonya kidogo, na kutokana na tofauti ya nguvu zao hukokotoa ozoni iliyopo njiani. Vifaa vya aina hiyo vingali vinatumika, na Nairobi kipo kimoja. Rekodi ndefu kuliko zote ni ya Arosa, Uswisi, iliyoanza mwaka 1926.

Sasa kuna swali ambalo ningependa uwaachie wanafunzi walitafakari kabla ya kuwapa jibu: ozoni hutengenezwa na jua, na jua la ikweta ndilo kali zaidi, mbona basi ozoni ya ikweta ndiyo chache?

Nusu ya kwanza ya jibu aliitoa Sydney Chapman mwaka 1930. Mionzi yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 242 huvunja molekuli ya oksijeni kuwa atomu mbili, kila atomu hujishikiza kwenye molekuli nyingine ya oksijeni, na hapo ozoni huzaliwa. Kazi hiyo hufanyika zaidi juu ya kilomita 30, na kweli hufanyika zaidi tropiki. Nusu ya pili ni mzunguko wa hewa. Katika stratosfia ya tropiki (stratosfia ni tabaka la angahewa lililo juu ya troposfia, ile tunamoishi) hewa hupanda taratibu mno, chini ya milimita moja kwa sekunde. Huingia kutoka chini ikiwa haina ozoni ya maana, huokota ozoni kadiri inavyopanda, kisha husukumwa kuelekea kaskazini na kusini na kuteremka karibu na ncha za dunia. Huko jua ni dhaifu, ozoni haivunjwi haraka, kwa hiyo hurundikana majira yote ya baridi. Mzunguko huu unaitwa wa Brewer na Dobson, kwa sababu Alan Brewer aliutambua mwaka 1949 kutokana na ukavu wa hewa ya stratosfia, na Dobson akauona katika mtawanyiko wa ozoni. Ramani uliyofungua ni ya Machi, mwisho wa majira ya baridi ya kaskazini, wakati ghala la Ulaya limejaa. Ungeifungua ya Oktoba ungeona tofauti kati yetu na wao imepungua sana.

Kwa hiyo tropiki ni kiwanda, na ghala liko kwa wengine. Kiwango cha kawaida karibu na ikweta ni kama 240 hadi 280 mwaka mzima, na mara nyingine hushuka karibu na 230 bila kuwa na tatizo lolote. Ile 220 ilichaguliwa kwa sababu juu ya Antaktika, kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, vipimo havikuwahi kufika chini hivyo. Ni mstari wa kutambua uharibifu wa mahali ambapo kawaida yake ilikuwa 300. Ukiuleta ikweta hauna kazi.

Tundu la Antaktika lenyewe linahitaji mambo kadhaa yakutane. Usiku wa miezi unaifanya stratosfia iwe baridi kupita nyuzi 78 chini ya sifuri. Pepo zinazoizunguka ncha ya kusini huifungia hewa hiyo isichanganyike na ya nje. Katika baridi hiyo hutokea mawingu ya chembe za barafu na asidi, na juu ya chembe hizo klorini iliyokuwa imetulia ndani ya misombo isiyo na madhara hugeuzwa kuwa gesi ya klorini. Jua likirudi Septemba huivunja gesi hiyo, na atomu moja ya klorini hurudia kuivunja ozoni maelfu ya mara. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba gesi za CFC, yaani zile gesi za friji, zingepeleka klorini huko juu. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walionyesha Mei 1985, kwa vipimo vya kituo cha Halley, kwamba ozoni ya Oktoba imeshuka kutoka karibu 300 hadi chini ya 200. Susan Solomon na wenzake ndio walioeleza mwaka 1986 kazi ya yale mawingu.

Mwanafunzi makini anaweza kukubana hapa: mbona hata juu ya ikweta, kwenye kilomita 17, ni baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri? Ni kweli kabisa, na jibu lake ndilo kiini cha suala zima. Hewa ya kilomita 17 juu ya ikweta imetoka troposfia karibuni. CFC zake bado nzima, hazijavunjwa, kwa sababu mionzi ya kuzivunja haifiki chini hivyo kwa nguvu ya kutosha. Mionzi hiyo huzikuta zikishapanda juu zaidi. Klorini huru, kwa hiyo, ni haba mno. Hewa inayoteremka ndani ya ncha ya kusini ni tofauti: imekaa stratosfia miaka kadhaa, CFC zake zimeshavunjwa, na klorini yake iko tayari. Baridi bila klorini huru haileti tundu.

Habari za 2022 zilitokana na makala moja ya Julai mwaka huo, ya mtafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Alidai tropiki ina tundu la mwaka mzima tangu miaka ya 1980, kubwa mara saba kuliko la Antaktika. Magazeti yaliibeba haraka. Kundi kubwa la wataalamu wa ozoni, likiongozwa na Martyn Chipperfield wa Leeds, liliandika majibu kwenye jarida lilelile mwaka huohuo na kuonyesha kwamba vipimo vya ardhini, vya maputo na vya setilaiti havionyeshi kitu hicho. Angalia hesabu ilivyoweza kuteleza: hapo chini kabisa ya stratosfia ya tropiki ozoni ni kidogo sana. Ukiipunguza robo nzima mahali ambapo kulikuwa na kidogo, asilimia inatisha, ilhali jumla ya juu ya kichwa chako inasogea yuniti chache. Darasani, kila mtu akitaja asilimia, wafundishe kuuliza: asilimia ya nini, na kwenye kimo gani?

Basi hali ya kweli ya muda mrefu ni ipi? Ukiondoa maeneo ya ncha, kati ya nyuzi 60 kusini na nyuzi 60 kaskazini, jumla ya ozoni ilishuka tangu miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, ikasimama, na sasa iko takriban asilimia 2 chini ya ilivyokuwa kabla ya 1980. Upungufu huo uko zaidi kwenye latitudo za kati. Ukanda wa tropiki haukupoteza kiasi cha maana katika jumla yake. Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kuziondoa gesi hizi, ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na klorini ya stratosfia ilifika kilele karibu na mwisho wa miaka ya 1990. Inashuka polepole kwa sababu gesi hizi zina umri: CFC-11 hukaa hewani wastani wa miaka kama 50, CFC-12 kama 100. Dalili ya wazi ya kupona iko juu, zaidi ya kilomita 35, ambako kemia ya klorini ni rahisi kuifuatilia. Huko ozoni imeongezeka kama asilimia 1.5 hadi 2 kila muongo tangu mwaka 2000. Tathmini ya 2022 ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na lile la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) inakadiria kurudi kwenye viwango vya 1980 ifikapo karibu 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, 2045 Aktiki na 2066 Antaktika, mradi itifaki iendelee kuheshimiwa. Wanaosema tabaka linapona wana ushahidi.

Lakini wasiseme kila kimo kinapona, kwa maana si kweli. Mwaka 2018 William Ball na wenzake walichapisha uchambuzi wa setilaiti kadhaa zilizounganishwa, wakaonyesha kuwa tangu 1998 ozoni ya chini ya stratosfia imekuwa ikiendelea kupungua kidogo kidogo, kiasi cha kulimeza ongezeko la juu. Mwaka huohuo kundi jingine likaonyesha kwamba mwaka 2017 ozoni ya kimo hicho ilirudi juu ghafla, jambo linaloashiria kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ni ya upepo wa mwaka hadi mwaka. Bado hawajamalizana. Kwa upande wa tropiki mashaka ni machache zaidi: dunia ikipata joto, mzunguko wa Brewer na Dobson huharakishwa, hewa hupanda kwa kasi kidogo zaidi, na ozoni hukosa muda wa kujengeka kwenye kilomita 17 hadi 24. Modeli zilitabiri hivyo. Kigumu kueleza ni upungufu wa latitudo za kati, kwa sababu huko modeli nyingi zilitarajia ongezeko.

Vipimo vya maputo vya tropiki vimeongeza jambo jingine zuri. Mtandao wa SHADOZ, ulioanza 1998 chini ya Anne Thompson wa NASA, unajumuisha kituo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya cha Nairobi. Uchambuzi wa miaka 1998 hadi 2019 uliona upungufu mdogo chini ya stratosfia, hasa Julai hadi Septemba. Lakini walipopima kimo kuanzia kwenye mpaka wa troposfia na stratosfia, badala ya kuanzia usawa wa bahari, sehemu kubwa ya upungufu ilitoweka. Mpaka wenyewe ndio uliokuwa umepanda. Ukisimama kilomita 17 na mpaka ukakupita kwenda juu, sasa unapima hewa ya troposfia, yenye ozoni chache. Molekuli hazijaliwa na kitu. Joto limeinua sakafu ya stratosfia.

Nataka wanafunzi wako waelewe jinsi puto lenyewe linavyopima, maana hapo ndipo utaona kwa nini ubishi huu hauishi haraka. Kihisio ni kijisanduku chepesi chenye vyumba viwili vidogo vyenye maji ya potasiamu iodidi, kimoja chenye mchanganyiko mzito na kingine chenye mchanganyiko mwepesi. Kile chenye mchanganyiko mwepesi hujazwa mililita 3. Pampu ndogo hupitisha hewa ya nje ndani yake, takriban mililita 200 kwa dakika. Kila molekuli ya ozoni inapokutana na iodidi huzaa iodini, na iodini hiyo husukuma elektroni mbili kwenye waya. Mkondo unaopatikana ni mikroampea chache, nao ndio unaotumwa kwa redio hadi chini wakati puto likipanda mita kama 5 kwa sekunde, mpaka linapopasuka juu ya kilomita 30.

Angalia sasa mahali pa kukosea. Ukipima kasi ya pampu vibaya kwa asilimia 2, ozoni yote ya siku hiyo imekosewa kwa asilimia 2, na hicho ni kiasi kilekile tunachokitafuta kwa muongo mzima. Ukibadili nguvu ya mchanganyiko wa iodidi kutoka mwaka fulani, rekodi inaruka. Huko juu kabisa hewa ni nyepesi na pampu huvuta pungufu, kwa hiyo lazima isahihishwe. Na hata hewa ikiwa haina ozoni kabisa, kihisio hutoa mkondo mdogo wa usuli. Mkondo huo hausumbui palipo na ozoni nyingi. Unasumbua sana kwenye kilomita 15 hadi 17 juu ya ikweta, ambako ishara yenyewe ni hafifu. Eneo lenye ubishi mkubwa ndilo eneo ambalo kifaa kina taabu zaidi. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa kwamba theluthi ya vituo vya maputo vilivyochunguzwa vilikuwa vikisoma ozoni pungufu tangu karibu 2013, vikilinganishwa na setilaiti na vipimo vya ardhini. Dalili zilielekeza kwenye vihisio, si hewani. Mtu ambaye angechora mstari kwenye data hizo bila kuuliza angetangaza upungufu ambao haukuwapo.

Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba kituo kinachopima kwa utaratibu uleule, juma baada ya juma, ni mali kubwa kuliko kifaa kipya cha bei ghali. Hata itifaki yenyewe inalindwa na upimaji. Mwaka 2018 Stephen Montzka na wenzake waligundua kuwa CFC-11 inashuka polepole kuliko inavyopaswa, maana yake kuna mahali bado inazalishwa. Mwaka 2019 vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilisaidia kuonyesha kwamba sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China. Baadaye utoaji ule ukapungua sana. Bila wale waliokuwa wakipima kila siku, hakuna ambaye angejua.

Je, wanafunzi wanaweza kufuatilia? Kupima mabadiliko kwa kifaa cha mkononi, hapana. Vipima-UV vya bei nafuu huona mawingu, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na vyote hivyo humeza kabisa badiliko la asilimia 1. Lakini data za bure zipo, na kazi ya kuzichambua iko ndani ya uwezo wa kidato cha tano na cha sita. Chukueni wastani wa kila mwezi wa jumla ya ozoni kwa eneo la Mwanza, nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki, kutoka NASA au Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia kwa setilaiti. Chagueni mfululizo mmoja uliounganishwa na wataalamu, wa miaka 20 au zaidi. Msijiungie wenyewe setilaiti mbili, kwa sababu hatua ya yuniti 3 kati ya kifaa na kifaa itaonekana kama badiliko la hewa.

Kwenye jedwali la Excel, tafuteni wastani wa Januari zote, wa Februari zote, hadi Desemba. Kisha toeni wastani huo kwenye kila mwezi husika. Mkichora kinachobaki, mtaona wimbi linalopanda na kushuka kila baada ya miezi kama 28. Hilo linatokana na pepo za stratosfia ya ikweta, zinazobadilisha mwelekeo kati ya mashariki na magharibi, nalo linaweza kuitikisa ozoni yenu kwa yuniti 10 hivi kutoka bondeni hadi kileleni. Linganisheni na badiliko la asilimia 0.3 kwa muongo, ambalo ni chini ya yuniti moja. Ni kama kutaka kujua bahari imepanda milimita ngapi kwa kutazama mawimbi yanavyopiga ngazi za gati.

Kwa hiyo ongezeni nguzo za maelezo: kasi ya upepo wa stratosfia juu ya Singapore kwenye vimo vyenye shinikizo la hektopaskali 30 na 50, mnururisho wa redio wa jua wa sentimita 10.7 unaofuata mzunguko wa miaka 11, na fahirisi ya El Niño. Tumieni kazi ya LINEST ya Excel kupata mteremko pamoja na nguzo hizo. Halafu rudieni zoezi mkianza mwaka tofauti. Mkianza 1992, baada ya volkano ya Pinatubo ya Juni 1991, mtapata jibu moja; mkianza 1998 jingine. Jambo moja la kuwatahadharisha: mwezi mmoja hufanana na uliotangulia, kwa hiyo kosa la kukadiria linalotolewa na LINEST huwa dogo kuliko lilivyo kweli. Mwanafunzi akipata mteremko wa jamii ya yuniti 0.5 kwa muongo na kosa la kiasi hichohicho, jibu sahihi la kuandika ni kwamba haitofautiki na sifuri. Mpe alama zote.

Sasa jua na joto, na hapa nitakuwa mfupi. Mionzi ambayo ozoni huizuia ni sehemu ndogo sana ya nishati ya jua. Ikipungua ozoni, ngozi na macho huumia, lakini joto la nchi halitoki hapo. Joto linatokana zaidi na gesi joto zinazozuia nishati isitoke, hasa kabonidayoksaidi na methani. Ukanganyifu unazaliwa kwa sababu CFC zinafanya yote mawili: zinavunja ozoni na pia ni gesi joto kali. HFC zilizochukua nafasi yake haziiharibu ozoni, ila huongeza joto, ndiyo maana Oktoba 2016 yakapitishwa marekebisho ya Kigali ya itifaki ya Montreal ili kuzipunguza. Na ile ozoni ya usawa wa ardhi, inayotokana na moshi wa magari na mioto ya misitu ikipigwa na jua, ni sumu ya mapafu na mazao. Iwekee somo lake pekee ili wasichanganye.

Ukali wa jua la Mwanza unaelezwa na mambo matatu ya kawaida. Jua hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kila mita 1,000 huongeza urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Na ozoni ya tropiki ni nyembamba kwa asili. Ozoni ikipungua asilimia 1, mionzi inayounguza huongezeka kama asilimia 1.2. Ukimhamisha mtoto kutoka jua la adhuhuri hadi jua la karibu saa kumi alasiri, mionzi hiyo hupungua zaidi ya nusu. Kwa usalama wa wanafunzi wako, ratiba ya michezo ina uzito kuliko badiliko lolote la ozoni la miaka 40.

Kwa longitudo ya Mwanza, adhuhuri ya jua iko karibu saa saba kasoro robo mchana, kwa hiyo saa za hatari ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kivuli cha mtoto kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, mionzi ni mikali. Paredi, usafi wa mazingira na michezo ya wale watoto wawili viwe nje ya saa hizo, au kivulini. Mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kofia yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi pande zote (kapelo haikingi masikio wala shingo), na miwani inayozuia UV. Mafuta ya kukinga jua yawe SPF 30 au zaidi. Kijiko kizima cha chai kwa uso, masikio na shingo, yarudiwe kila baada ya saa mbili. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho na kinga hushuka vibaya. Mafuta hayaongezi muda wa kukaa juani. Yanasaidia nguo na kivuli. Siku ya mawingu mepesi kinga ni ileile.

Hayo ni ya shuleni. Ngozi yenyewe inataka kuonwa na mtaalamu ana kwa ana, hata kama mtoto hana malalamiko, angalau mara mbili kwa mwaka. Usisubiri miadi ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, kigaga kinachokwaruza kwenye mdomo wa chini, masikio, paji au mgongo wa mkono, kinachotoka damu kwa kuguswa tu, au uvimbe unaokua. Vidonda hivyo vikiwahiwa huondolewa kwa matibabu mepesi. Vikichelewa vinaweza kugeuka saratani zinazokula mfupa. Anzia kliniki ya ngozi ya hospitali ya kanda hapo Mwanza, na uulize pia kuhusu mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Macho yao nayo yapimwe, na wakae mbele, mbali na dirisha linalomulika ubao.

Kwa zoezi la data, mkikwama kwenye nguzo za upepo, pelekeni jedwali lenu kwa wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Nendeni na mchoro, na orodha ya mliyoyafanya hatua kwa hatua, pamoja na jina la mfululizo wa data na tarehe mliyoupakua, kwa kuwa mifululizo hii husahihishwa mara kwa mara na namba za mwaka jana huenda zisilingane na za mwaka huu.